Vilima Vilivyolilisha Jiji

Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Pugu, ukishaipita Gongo la Mboto ardhi huanza kuinuka taratibu. Vilima vyenyewe si virefu. Vilele vyake havizidi sana mita 300 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 150 vilima hivyo, pamoja na nchi inayoteremka kuelekea Mto Ruvu, ndivyo vilivyolilisha jiji. Kutoka wilaya za Kisarawe na Kibaha zimetoka sandarusi, mbao, kuni, mkaa, udongo mweupe, mchanga na maji.

Siku hizi habari ya binadamu kuibadili dunia husimuliwa kwa vipimo vya dunia nzima: joto la anga, kina cha bahari, barafu inayoyeyuka. Vipimo hivyo ni vya kweli, lakini ukubwa wake humfanya msikilizaji aone kwamba jambo hili halimhusu mtu yeyote hasa. Historia ya misitu ya Pugu, Kazimzumbwi na Ruvu yatuonyesha jambo hilo hilo kwa kipimo cha mahali panapojulikana. Hapa kila badiliko lina mwaka wake, bidhaa yake na mnunuzi wake. Na ukiifuata tangu mwanzo, jambo moja hujirudia kila zama: anayeutumia msitu kwa wingi huishi mbali nao, na anayeadhibiwa kwa kuutumia huishi jirani yake.

Kabla ya jiji

Mamilioni ya miaka iliyopita msitu wa mvua ulienea kutoka Kongo hadi Bahari ya Hindi. Hali ya hewa ilipozidi kukauka, msitu huo ulikatika katikati. Vipande vilivyobaki upande wa mashariki, tangu kusini mwa Somalia hadi Msumbiji, vilikaa peke yake kwa muda mrefu mno hata vikawa na mimea na wanyama wasiopatikana penginepo. Pugu na Kazimzumbwi ni vipande viwili vya msitu huo. Kuna miti ambayo wanasayansi waliipa jina la mahali hapa, kama vile Baphia puguensis na Millettia puguensis. Humo pia huishi komba wa Rondo, mnyama wa usiku mwenye uzito wa gramu 60 hivi, mdogo kuliko komba wengine wote wanaojulikana. Wanasayansi walimtambua kuwa spishi ya peke yake katika miaka ya 1990 tu, na makazi yake yote duniani ni misitu michache ya pwani ya Tanzania.

Watu hawakuwa wageni katika nchi hii. Wazaramo, waliotelemka kutoka upande wa Uluguru, walifyeka, wakachoma, wakapanda mpunga, mtama na mihogo, kisha wakayaacha mashamba yajirudie kuwa kichaka na kuhamia kwingine. Sehemu za mizimu hazikufyekwa. Kilimo hicho kiliacha alama, lakini alama iliyofutika, kwa kuwa watu walikuwa wachache, na kilichovunwa kililiwa papo hapo.

Mahitaji ya watu wa mbali ndiyo yaliyobadili mambo. Katika karne ya 19 msandarusi wa pwani hii ulitafutwa hadi Marekani. Utomvu wake, hasa ule uliokuwa umezikwa ardhini kwa karne nyingi na kugeuka kuwa mgumu kama jiwe, ndio uliotengeneza vanishi bora kabisa ya samani na magari ya farasi. Wamarekani walitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar, mwaka 1833, wakafungua ubalozi mdogo Zanzibar mwaka 1837, na meli za mji wa Salem, huko Massachusetts, zikawa zinapakia sandarusi kwa magunia. Waliochimba walikuwa wenyeji wa Uzaramo, waliofukua ardhi kwa jembe na vijiti mvua ikishailainisha. Richard Burton, aliyepita Uzaramo mwaka 1857 akielekea Ziwa Tanganyika, aliieleza biashara hiyo kwa kirefu.

Biashara ya sandarusi haikuuangamiza msitu. Walichochimba watu wengi kilikuwa mabaki ya misitu iliyokwisha kufa. Lakini tangu hapo thamani ya Uzaramo ilianza kupangwa na watu wasiowahi kuiona. Bei ilikuwa Salem, mashimo yalikuwa Uzaramo.

Reli, sheria na mipaka

Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said alianza kujenga mji karibu na kijiji cha Mzizima. Mwaka 1891 Wajerumani waliufanya mji huo, Dar es Salaam, kuwa makao makuu ya koloni lao. Mji wa serikali ulitaka mbao za majengo na kuni za majiko, na misitu ya karibu ilikuwa nyuma ya mji, vilimani.

Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ilitoa sheria ya kulinda misitu. Msitu uliotengwa ukawa mali ya dola. Mkulima aliyekuwa akifyeka huko tangu zama za babu yake akawa mvunja sheria. Mwaka uliofuata yalitokea mambo mawili makubwa. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza kutoka Dar es Salaam, na Vita vya Maji Maji vikalipuka. Katika Uzaramo, Kibasila, kiongozi wa Kisangire aliyepinga kulimishwa pamba, alinyongwa. Pamba na kodi hutajwa daima kuwa vyanzo vya vita hivyo, lakini mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameonyesha katika tafiti zake kwamba kunyang'anywa misitu nako kulikuwa miongoni mwa machungu ya watu.

Reli ilipita Pugu, Soga na Ruvu, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Vichwa vya treni vya mvuke vilikula kuni, na reli hiyo hiyo ikaweza kuzisafirisha mbao na kuni hadi mjini. Umbali, uliokuwa umeulinda msitu kuliko sheria yoyote, ukaanza kupungua nguvu. Wajerumani pia walitambua kwamba chini ya vilima vya Pugu kuna kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri. Uchimbaji wake uliacha mapango ambayo leo yamekaliwa na maelfu ya popo wanaoruka kila jioni kwenda kutafuta chakula.

Waingereza walipoitwaa nchi waliendeleza utaratibu wa kutenga misitu. Sheria yao ya misitu ilitoka mwaka 1921, na kabla ya Uhuru Pugu, Kazimzumbwi, Ruvu Kusini na Ruvu Kaskazini zote zilikwisha wekewa mipaka. Haki inataka tuseme pande zote mbili za jambo hili. Bila mipaka hiyo, huenda leo pasingekuwapo msitu wa kusimulia. Lakini mipaka iliwekwa bila wenyeji kuulizwa, na mapato ya vibali yakaenda serikalini. Kijiji kilichobaki nje ya bikoni za mpaka kikaachiwa kazi ya kutokuingia.

Nchi huru na kiu ya mji

Kati ya 1953 na 1955, mwalimu mmoja wa shule ya St. Francis iliyoko Pugu alikuwa akiteremka Dar es Salaam kwenda kwenye mikutano ya siasa, kisha akirudi vilimani kufundisha. Alikuwa Julius Nyerere. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, naye akaacha ualimu mwaka uliofuata. Kwa hiyo jina la Pugu limo katika historia ya Uhuru kama lilivyomo katika historia ya misitu.

Baada ya Uhuru, nchi ya nyuma ya jiji ilianza kujengwa. Mwaka 1963 Denmark, Finland, Norway na Sweden ziliungana na Tanganyika kuanzisha kituo cha elimu, afya na mafunzo ya kilimo Kibaha. Mwaka 1970 kikakabidhiwa kwa Watanzania na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ilikata kupita katika vilima vya Pugu. Hayo yalikuwa mambo mema ambayo taifa changa liliyahitaji. Ila kila shule, kila reli na kila barabara ilisogeza watu, na watu walisogea pamoja na mashamba yao na majiko yao.

Jiji nalo lilipata kiu. Mto Kizinga, unaotiririka kutoka upande wa Pugu, ulitegwa Mtoni kwa ajili ya maji ya mjini. Ulipozidiwa, macho yakageukia Ruvu. Mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, ulianza mwaka 1959, na wa Ruvu Chini mwaka 1976. Katika upanuzi uliokamilika miaka ya 2010, Ruvu Juu iliongezewa uwezo kutoka lita milioni 82 hadi 196 kwa siku, na Ruvu Chini kutoka milioni 182 hadi 270. Mabomba ya Ruvu Juu yalipita Kibaha, yakaingia Dar es Salaam. Mji wa Kisarawe, uliokaa juu ya vyanzo vya vijito vya jiji, ulipata maji ya Ruvu kwa bomba la Kibamba mwaka 2020.

Mkaa

Sensa ya mwaka 1957 ilikuta Dar es Salaam ina watu 128,742. Mwaka 1967 walikuwa 272,821. Mwaka 1988 mkoa ulikuwa na watu 1,360,850. Mwaka 2012 watu 4,364,541. Mwaka 2022 watu 5,383,728. Kila mmoja wao alitaka chakula kilichopikwa, na kwa wengi wao moto wa kupikia ulikuwa mkaa.

Kuni mbichi ni nzito na bei yake haistahimili safari ndefu. Mkaa ni mwepesi, hautoi moshi mwingi, hupakiwa kwenye gunia na kufungwa juu ya baiskeli, pikipiki au lori. Hivyo mkaa ndio ulioruhusu mji kuufikia msitu wa mbali. Gharama ya wepesi huo hulipwa msituni. Tanuri la udongo, ambalo mchoma mkaa hulijenga kwa kupanga magogo, kuyafunika majani na udongo na kuyaacha yaungue polepole kwa siku kadhaa, hupoteza sehemu kubwa ya kuni. Kilo moja ya mkaa hugharimu kati ya kilo tano na kumi za mti.

Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kwamba Tanzania ilitumia tani milioni moja hivi za mkaa kila mwaka, na karibu nusu yake ilitumika Dar es Salaam. Kati ya 2001 na 2007, kaya za jiji zilizopikia mkaa ziliongezeka kutoka asilimia 47 hadi 71. Mafuta ya taa na gesi vilikuwa vimepanda bei, na mkaa ulipatikana mtaani kwa kopo, kwa kiasi cha fedha ambacho mama lishe au mama wa nyumbani alikuwa nacho siku hiyo. Hakuna aliyekuwa mwovu katika mnyororo huu. Mchoma mkaa alitafuta ada ya shule, dereva alitafuta mafuta ya gari, mpishi alitafuta moto wa maharage.

Athari zake zilipimwa. Mwaka 2010 kundi la watafiti lililoongozwa na Antje Ahrends lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa misitu kutoka Dar es Salaam kwenda nje, wakilinganisha hali ya 1991 na ya 2005. Waligundua kwamba uharibifu ulitembea kwa mawimbi. Wimbi la kwanza, la mbele kabisa, lilikuwa la mbao za thamani: mvule, mninga na mkongo. Miti hiyo ilipokwisha, likafuata wimbi la mbao hafifu. La mwisho, lililo karibu zaidi na jiji, lilikuwa la mkaa, ambao hauchagui mti. Katika miaka 14 mawimbi hayo yalisogea hadi kilomita 120, kasi inayofikia kilomita 9 kwa mwaka. Eneo ambalo mkaa ndio uliokuwa matumizi makuu ya msitu lilikuwa likiishia kilomita 20 hivi kutoka jijini mwaka 1991. Mwaka 2005 lilifika kilomita 50.

Umbali huo una majina. Kilomita 20 hadi 50 ndiko Pugu, Kazimzumbwi na Kibaha ziliko. Ruvu Kaskazini, iliyokuwa hifadhi kubwa, ilibaki sehemu kubwa kuwa vichaka na nyasi. Ruvu Kusini ikajaa matanuri. Kazimzumbwi ikavamiwa na wakataji, halafu wenye mashamba na wenye viwanja, na ugomvi wa mipaka ukachukua miaka mingi. Serikali ilijibu kwa doria, vizuizi vya maliasili barabarani, kukamata magunia na kubomoa vibanda. Januari 2006 ilitangaza marufuku ya mkaa, nayo haikudumu, kwa kuwa jiji halikuwa na kitu kingine cha kupikia.

Kulikuwa pia na watu waliojaribu njia nyingine. Kuanzia miaka ya 1990 Chama cha Kuhifadhi Wanyamapori Tanzania kilifanya kazi na vijiji vinavyozunguka Pugu na Kazimzumbwi. Kongowe, Kibaha, wanakijiji waligawiwa vipande ndani ya hifadhi iliyoharibika ya Ruvu Kaskazini, wapande miti ya kuni na mbao huku wakilima mazao katikati yake. Ulikuwa mpango wenye hekima: ulimtambua jirani wa msitu kuwa mshirika. Lakini vipande vya miti vijijini haviwezi kushindana na njaa ya mamilioni ya majiko.

Deni linavyorudi

Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, hukatiza Dar es Salaam na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Mvua ikinyesha vilimani penye msitu, sehemu kubwa hunywewa na majani na udongo, kisha hutolewa kidogo kidogo. Ikinyesha juu ya ardhi iliyofyekwa, mabati na lami, hukimbia yote kwa pamoja ikiwa na mchanga. Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na maelfu ya wakazi wa bondeni walihamishwa, wengi wao wakapelekwa Mabwepande. Eneo la Jangwani, bondeni humo, limefurika tena mara nyingi tangu hapo. Ujenzi holela bondeni na takataka zinazoziba mitaro vina sehemu yao kubwa, lakini maji yenyewe yanatoka juu.

Upande wa pili wa deni ni ukame. Mwishoni mwa 2022 Ruvu ilipungua kiasi kwamba jiji liliingia kwenye mgawo wa maji. Mwaka mmoja Msimbazi unafurika, mwaka mwingine Ruvu unakauka, na watu wa jiji huviona kama misiba miwili isiyohusiana. Lakini sehemu ya mizizi yake imo katika ardhi ya juu iliyofyekwa. Hata taka zimepelekwa upande wa vilima: dampo kuu la jiji liko Pugu Kinyamwezi.

Hapa ndipo vipimo vya dunia vinapopata maana. Mwaka 2020 watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israel, walikadiria kwamba uzito wa vitu vyote vilivyotengenezwa na binadamu, yaani saruji, kokoto, matofali, lami, vyuma na plastiki, umefikia tani trilioni 1.1 na kulingana na uzito mkavu wa viumbe hai wote duniani. Mwanzoni mwa karne ya 20 vitu hivyo vilikuwa asilimia 3 tu ya uzito wa viumbe. Karne hiyo ndiyo iliyoanza Wajerumani wakitandika reli kupita Pugu. Aprili 2017 jiwe la msingi la reli mpya ya kisasa liliwekwa hapo hapo Pugu, na Juni 2024 treni ya umeme ikaanza kubeba abiria hadi Morogoro. Kwala, Kibaha, kumejengwa bandari kavu. Mlandizi na Kibaha viwanda vinaongezeka. Idadi ya watu wa Mkoa wa Pwani iliruka kutoka 1,098,668 mwaka 2012 hadi 2,024,947 mwaka 2022. Jiji haliivuni tena nchi hii kutoka mbali, limekuja kuikalia.

Bili ya moto

Mwaka 2020 misitu miwili ya Pugu na Kazimzumbwi iliunganishwa na kupandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia, yenye hekta 7,272, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Watu wa Dar es Salaam huenda huko kutembea, kupanda vilima na kuwatazama popo. Ni hatua ya kushukuriwa. Lakini takwimu za serikali husema kwamba nchi nzima hupoteza hekta 469,420 za misitu kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, eneo la ukubwa wa hifadhi hiyo nzima hutoweka mahali fulani Tanzania kila baada ya siku sita hivi. Kulinda Pugu huku jiko la Dar es Salaam likibaki kama lilivyo ni kulisukuma wimbi liende Rufiji, Handeni au Kilwa.

Ndiyo maana uamuzi muhimu kwa komba wa Rondo huenda ukawa ule uliofanywa kuhusu masufuria. Kuanzia Januari 2024 taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilikatazwa kupikia kuni na mkaa. Mei mwaka huo huo ulizinduliwa mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Hapo sera imeanza kumtazama mlaji, ambaye sheria za 1904 na 1921 hazikumgusa kabisa.

Mkakati huo utafaulu kwa bei, si kwa hotuba. Anayenunua mkaa kwa kopo hawezi kulipa mtungi mzima wa gesi kwa siku moja, na mpaka apate gesi au umeme kwa kiasi cha fedha alicho nacho jioni ile, atanunua mkaa. Na kwa kuwa mkaa utaendelea kuuzwa kwa miaka mingi, ni haki uzalishwe kwa utaratibu unaomnufaisha aliye jirani na msitu. Kilosa, kuanzia mwaka 2012, vijiji vilitenga sehemu ndogo ya misitu yao, vikaigawa vitalu vidogo vilivyopishana na kuvuna kwa mzunguko wa miaka 24 ili visiki vichipue. Fedha za vibali zilibaki kijijini, zikajenga madarasa na zahanati. Huko mkaa uliwapa watu sababu ya kuulinda msitu.

Kisarawe na Kibaha hazikupata utaratibu kama huo wakati misitu yao ilipokuwa mikubwa. Zilipata bikoni, doria na lawama, huku jiji likipata moto, mbao na maji. Zaidi ya karne moja inatosha kuthibitisha kwamba sheria inayomfuata mwenye shoka peke yake haiokoi msitu. Ukubwa wa mkono wa binadamu juu ya maumbile lazima ukadiriwe pale unapoanzia, kwenye mahitaji ya jiji, na gharama yake ilipwe na jiji: katika bei ya maji ya Ruvu, katika ushuru wa mkaa unaorudi vijijini, na katika ruzuku ya gesi na umeme wa kupikia kwa wasio na uwezo. Wenyeji wa vilima hivi walikwisha kulipa sehemu yao.